Masalia ya Watakatifu: Tunene kwa Uadilifu



Ndugu wasomaji, ukurasa huu aghalabu huzungumzia mambo ya ndani ya nyumba zetu: malezi, ndoa, mirathi na elimu ya watoto. Leo tunatoka nje ya mlango, lakini hatuendi mbali. Tunaishia kwa jirani. Familia nyingi za Kiislamu, mijini na vijijini, zimepakana ukuta kwa ukuta na familia za Kikristo. Watoto husoma darasa moja na hupanda basi moja, na si nyumba chache ambazo shemeji, mjomba au bibi mzaa mama ni Mkatoliki. Basi haishangazi mtoto akirudi nyumbani na swali la namna hii: “Mama, eti wenzetu wana mfupa wa mtu aliyekufa zamani, wameuweka kwenye kasha la dhahabu, na watu hupanga foleni kuubusu. Kumbe wanaabudu mifupa?”

Jibu jepesi ni kusema “ndiyo” na kuendelea na shughuli. Lakini jibu jepesi si lazima liwe jibu la haki. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida ametuamrisha kuwa mashahidi wa uadilifu, na akatuonya kwamba hata chuki baina yetu na watu wengine isitupeleke katika kuwadhulumu. Ikiwa uadilifu unawajibika hata kwa adui, seuze kwa jirani tunayeazimana naye chumvi? Na sehemu ya kwanza ya uadilifu ni kumweleza mtu kama anavyojieleza mwenyewe, kabla hatujamwambia kwamba tunakhitalifiana naye. Katika makala haya tutajaribu kufanya hivyo, kisha tuseme bila kificho mpaka wetu uko wapi.

Masalia ni kitu gani

Wakatoliki wanaozungumza Kiswahili hutumia neno “masalia” kwa maana ya mabaki ya mtu ambaye Kanisa limemtangaza kuwa mtakatifu. Kwa desturi wameyagawa katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni sehemu ya mwili wenyewe: mfupa, nywele, damu, au maiti nzima. Daraja la pili ni vitu alivyovitumia katika uhai wake, kama vazi au kitabu. Daraja la tatu ni kitu kilichogusishwa na mojawapo ya hivyo, kwa mfano kipande cha kitambaa. Waorthodoksi wa Mashariki, kama vile wa Ugiriki na Urusi, na Makopti wa Misri, nao wanayaheshimu sana masalia.

Desturi hii ni kongwe. Katikati ya karne ya pili, katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, askofu mzee aliyeitwa Polycarp aliuawa na watawala wa Kirumi kwa sababu ya imani yake, na maiti yake ikachomwa moto. Waumini wake waliandika barua kueleza yaliyotokea. Wanasimulia ndani yake kwamba walikusanya mifupa yake wakiithamini kuliko vito, wakaizika mahali panapofaa, na wakakusudia kukutana hapo kila mwaka kumkumbuka. Katika barua hiyo hiyo wanataja kuwa wapinzani wao walitaka wanyimwe maiti, wakihofu kwamba wangemwacha Isa na kuanza kumwabudu Polycarp. Nao wakajibu kuwa jambo hilo haliwezekani: wanayemwabudu ni Kristo, ama mashahidi wao wanawapenda tu kwa kuwa ni wanafunzi wake.

Msomaji atambue mambo mawili hapa. La kwanza, sisi na wao tunatofautiana kwanza kabisa juu ya Nabii Isa (a.s.) mwenyewe, na hilo ni kubwa kuliko suala la mifupa. La pili, swali ambalo mtoto wetu analiuliza leo liliulizwa tangu siku ya kwanza, na wenyewe walilijibu.

Mfano mwingine una uhusiano na pwani yetu. Mwaka 1542 padri mmoja wa shirika la Wajesuiti, Francis Xavier, alipita Malindi akiwa njiani kutoka Ureno kwenda Goa, India. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa kilicho karibu na pwani ya China. Maiti yake ilizikwa hapo, ikahamishiwa Malacca mwaka uliofuata, na mwaka 1554 ikafikishwa Goa, ambako ipo hadi leo ndani ya kasha la fedha katika kanisa la Bom Jesus. Mwaka 1614 sehemu ya mkono wake wa kulia ilikatwa na kupelekwa Rumi. Kila baada ya takriban miaka kumi maiti huteremshwa ili watu waione. Mara ya karibuni ilikuwa kuanzia Novemba 2024 hadi Januari 2025, na mahujaji walimiminika kwa wingi. Mkono ule nao husafirishwa: Januari 2018 ulizungushwa katika miji ya Kanada.

Kwa sisi ambao sheria yetu inahimiza maiti azikwe upesi na mifupa yake isivunjwe, habari ya mkono kukatwa na kutembezwa inasisimua mwili. Hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini tuwasikilize wao wanasema nini.

Heshima na ibada katika maelezo yao

Wanasema kwamba mwili wa mtu mwema haukuwa gamba tu lililovaliwa na roho. Mikono ile ndiyo iliyolisha maskini, magoti yale ndiyo yaliyopigwa katika sala, na mwili huo huo ndio utakaofufuliwa Siku ya Mwisho. Kwa hiyo wanaona haufai kutupwa wala kusahauliwa. Wanasema pia kwamba baraka haitoki kwenye mfupa, bali kwa Mungu, ambaye huweza kumtendea mja wake wema mbele ya kumbukumbu ya mtu aliyempenda. Na mtakatifu, kwa itikadi yao, yu hai mbele ya Mungu na anaweza kuwaombea walio duniani.

Mwanzoni mwa karne ya tano, padri mmoja kutoka Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliyeitwa Vigilantius, aliwashambulia wenzake kwa desturi hii. Alishangaa kuona watu wakibusu vumbi lililofungwa katika vitambaa na kuwasha mishumaa mchana kweupe. Mwanachuoni wao mkubwa Jerome, aliyekuwa akiishi Bethlehemu, alimjibu mwaka 406 kwa maneno makali, na kiini cha jibu lake ni kwamba hawaabudu masalia. Wanaheshimu masalia ya watumishi ili heshima hiyo imrejee Bwana wao. Mwaka 787 mtaguso wa maaskofu uliokutana Nisea ulipambanua kwamba ibada ya kweli ni ya Mungu peke yake, ilhali picha na vitu vitakatifu hustahiki heshima tu. Mtaguso huo huo uliagiza kwamba kanisa lisiwekwe wakfu bila masalia. Ndiyo maana hadi leo altare nyingi za Kikatoliki zina masalia ndani yake au chini yake.

Kwa hiyo, mwenye kusema “Wakatoliki wanafundisha kuabudu mifupa” anasema jambo ambalo Kanisa lao linalikanusha waziwazi. Tunaweza kusema kwamba heshima yao imevuka mpaka tunaoujua sisi. Tunaweza kusema kwamba Mkristo wa kawaida aliyepiga magoti mbele ya kasha huenda asiitambue tofauti hiyo ya wanachuoni. Hayo ni maneno ya hoja. Lakini kumzulia mtu itikadi asiyokuwa nayo si hoja, ni uzushi.

Kwetu nako

Waswahili husema, ukipenda boga penda na ua lake. Moyo wa binadamu unashikamana na kilichoguswa na kipenzi chake, na Qur'ani haikukaa kimya juu ya jambo hilo. Katika Suratul Baqara tunasimuliwa habari ya sanduku la Wana wa Israili, ambalo ndani yake mlikuwamo utulivu kutoka kwa Mola wao na mabaki ya vitu walivyoviacha watu wa Musa na Harun. Katika Suratu Yusuf tunasoma jinsi kanzu ya Nabii Yusuf (a.s.) ilivyowekwa juu ya uso wa baba yake, naye akarejewa na uoni. Na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.), aliponyoa nywele zake katika Hija ya kuaga, alimkabidhi Abu Talha (r.a.) azigawe kwa watu. Katika jumba la Topkapı mjini Istanbul limehifadhiwa joho linalonasibishwa na Mtume (s.a.w.), na watu husafiri kwenda kulizuru.

Hatusemi hayo ili kuonyesha kwamba mambo yote ni mamoja. Hayako mamoja. Tofauti yetu imewekwa wazi na Amirul Muuminina Umar bin Khattab (r.a.) aliposimama mbele ya Hajarul Aswad. Alilitamkia jiwe lile kwamba anajua kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba lau hakumwona Mtume (s.a.w.) akilibusu, asingelibusu. Hapo pana mizani nzima ya tawhidi. Tunafanya tulichofundishwa na Mtume, tunakomea hapo, na nyoyo zetu haziombi ila kwa Mwenyezi Mungu. Wanachuoni wetu wamekhitalifiana juu ya vitu vilivyoguswa na waja wema wasiokuwa Mtume, na juu ya namna ya kuyazuru makaburi yao. Lakini hakuna miongoni mwao aliyeruhusu kumwelekezea maiti ibada. Hilo ndilo la kumfunza mtoto, na linafundishika vizuri bila kumtukana mtu yeyote.

Iko nyumba moja duniani ambamo suala hili linakutanisha dini mbili chini ya paa moja. Ndani ya Msikiti wa Umawiyya mjini Damascus, uliojengwa na Khalifa Al-Walid mwanzoni mwa karne ya nane, kuna kuba dogo ambalo kwa mapokeo lina kichwa cha Nabii Yahya (a.s.), ambaye Wakristo humwita Yohane Mbatizaji. Tarehe 6 Mei 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili aliingia msikitini humo, akawa Papa wa kwanza kuingia msikiti, na akasimama mbele ya kaburi hilo. Ajabu ni kwamba kanisa kuu la Amiens nchini Ufaransa nalo linasema linacho kichwa hicho hicho, na kanisa la San Silvestro mjini Rumi vivyo hivyo. Mtu aliishi na kichwa kimoja, leo ana vitatu. Tutarudi kwenye tatizo hili punde.

Karibu zaidi na kwetu kuna Namugongo, Uganda. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wa Kikristo kutoka nchi zote za Afrika Mashariki humiminika huko, wengine kwa miguu kwa siku nyingi, kuwakumbuka vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wakatoliki wana basilika mahali alipochomwa moto Karoli Lwanga, na mahujaji huchota maji ya ziwa dogo lililo hapo na kuyapeleka makwao. Wasomaji wengi huenda hawajui kwamba Namugongo hiyo hiyo ilinywa damu ya Waislamu miaka kama kumi kabla yake. Katika zama za Kabaka Mutesa, Waislamu wapatao sabini waliuawa huko kwa sababu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiokuwa Waislamu na kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Ardhi moja imewapokea mashahidi wa dini mbili. Anayekwenda kuwaombea rehema wa kwake asiwakejeli wanaokwenda kuwakumbuka wa kwao.

Mapenzi yalipogeuka biashara

Sasa tufike kwenye upande mchungu wa habari hii, ambao Wakristo wenyewe hawakuuficha. Penye mapenzi makubwa, mfanyabiashara huchungulia. Mwaka 386 tu, Kaisari Theodosius alilazimika kutunga sheria ya kukataza kuhamisha maiti zilizokwisha zikwa na kuwagawa au kuwauza mashahidi. Sheria haitungwi kukataza jambo lisilotendeka. Miaka michache baadaye Augustine, askofu aliyeishi katika mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, aliwalaumu watawa wa uongo waliokuwa wakizunguka na kuuza viungo vya mashahidi, naye akatia shaka kama kweli vilikuwa vya mashahidi.

Wizi nao ukafuata. Inasimuliwa kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wawili wa Venice waliiba maiti ya Mtakatifu Marko huko Iskandaria, mji uliokuwa chini ya utawala wa Waislamu. Ili wapite forodhani, waliifunika kwa nyama ya nguruwe, wakijua kwamba wakaguzi Waislamu wangeona kinyaa na kugeuza nyuso. Venice haikuona aibu na kisa hicho. Ilikichora kwa vijiwe vya rangi katika kuta za kanisa lake kuu. Walioibiwa kwa kweli hawakuwa Waislamu, bali Wakristo Makopti wa Misri. Iliwachukua zaidi ya miaka elfu moja na mia moja: mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita aliwarejeshea sehemu ya masalia hayo.

Mwaka 1204 jeshi la Vita vya Msalaba, lililoondoka kwao kwa madai ya kwenda kupigana na Waislamu, liliuteka na kuupora mji wa Kikristo wa Constantinople. Masalia yaliyokuwa humo yakatawanyika Ulaya nzima, na kichwa kile cha Amiens kilitoka huko. Taji la miiba, ambalo Wakristo wanaamini Isa alivishwa, liliwekwa rehani kwa wafanyabiashara wa Venice na mfalme aliyefilisika. Mwaka 1239 Louis wa Tisa wa Ufaransa akalikomboa. Wanahistoria hutaja kuwa alitoa livre 135,000, ilhali kanisa zuri la Sainte-Chapelle alilolijenga mjini Paris ili kulihifadhi liligharimu kiasi cha livre 40,000. Taji hilo ndilo lililookolewa kutoka katika moto wa kanisa la Notre-Dame mwezi Aprili 2019.

Ni nani aliyepiga kelele dhidi ya hali hiyo? Si Waislamu, ni Wakristo wenyewe. Mwaka 1215 mtaguso uliofanyika Rumi ulikataza masalia ya kale kuuzwa au kuonyeshwa nje ya makasha yake, na ukaamuru kwamba mapya yasiheshimiwe mpaka yaidhinishwe na Papa. Marufuku hayakutosha. Kufikia mwaka 1520 mtawala wa Wittenberg, Ujerumani, alikuwa amekusanya vipande zaidi ya 19,000, na waliokuja kuvitazama na kutoa sadaka waliahidiwa kupunguziwa adhabu ya dhambi. Katika mji huo huo ndipo Martin Luther alipoanzisha upinzani wake mwaka 1517. Mwaka 1543 John Calvin aliandika kitabu kizima cha kuhesabu masalia yaliyorudiwa hapa na pale, akidai kwamba vipande vyote vya msalaba vikikusanywa vingejaza jahazi zima. Tangu hapo Waprotestanti wengi wameachana na desturi hii. Kwa hiyo mtoto wetu akisema “Wakristo wanabusu mifupa,” huenda rafiki yake Mlutheri au Mpentekoste akamjibu kwa haki kabisa: “Kwetu hakuna kitu hicho.”

Kanisa Katoliki nalo halikunyamaza. Mwezi Desemba 1563 Mtaguso wa Trento ulithibitisha heshima ya masalia, lakini ukaamuru ushirikina na tamaa ya fedha viondolewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Wala hawaogopi tena maabara kuvichunguza vitu hivyo. Sanda ya Turin ilipimwa mwaka 1988, na ikaonekana kitambaa chake ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba mabaki yaliyokuwa yakidhaniwa ni ya Joan wa Arc, mwanamwali aliyechomwa moto mwaka 1431, yalikuwa ni ya maiti ya kale ya Misri pamoja na mfupa wa paka.

Tusicheke upesi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na vinavyojitembeza havikosekani mitaani kwetu: mchanga unaodaiwa kuwa wa kaburi la walii fulani, maji yasiyojulikana chimbuko lake yanayouzwa kwa jina la Zamzam, hirizi zenye bei kulingana na ukubwa wa shida ya mteja. Mama mwenye mtoto mgonjwa hudanganyika kwa sababu anapenda, na anayemuuzia anaijua bei ya pendo hilo. Augustine angemtambua mfanyabiashara huyo mara moja, kama anavyomtambua kila sheikh mwenye kumcha Mungu.

Tumwambie nini mtoto

Kwanza, tumweleze ukweli. Tumwambie: wenzetu Wakatoliki na Waorthodoksi wanahifadhi mabaki ya watu wanaowahesabu kuwa wema, wanayaheshimu na kuyabusu, na wanawaomba watu hao wawaombee kwa Mungu. Wao wanasema hawayaabudu. Wakristo wengine hawakubaliani nao.

Pili, tumwonyeshe mpaka wetu na sababu yake. Sisi tunaomba kwa Mwenyezi Mungu moja kwa moja. Maiti wetu tunawaombea msamaha, wala hatuwaombi haja zetu. Tunawazika na kuwaacha wapumzike mpaka siku ya kufufuliwa. Mtoto anayeijua sababu ya mpaka wake haogopi kusimama karibu nao. Anayeujua mpaka kwa kejeli tu hutikisika siku ya kwanza anapokutana na jirani mwenye elimu.

Tatu, tumfunze adabu. Suratul An'am imetukataza kuwatukana wale wanaoombwa na wengine kinyume cha Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mungu kwa jeuri bila ya ujuzi. Ikiwa katazo hilo linahusu hata masanamu, basi mfupa wa mtu aliyemcha Mungu kwa kadiri ya alivyomjua unastahiki ulimi wenye staha. Shemeji akikualika kwenye sherehe yake, mjulie hali, msaidie katika yaliyo mema, na kama ni ibada isiyokuhusu, jitenge nayo bila kukunja uso. Penye utata, muulize sheikh wako. Kuuliza si ujinga.

Turudi kidogo Malindi. Katika barua aliyoiandika baadaye kutoka Goa, Francis Xavier anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini humo alimwuliza kama Wakristo huko kwao huhudhuria makanisani kwa wingi na kama wana bidii katika sala. Mtu huyo alisikitika kwamba katika misikiti kumi na saba ya mji wao, ni mitatu tu iliyokuwa ikiswaliwa, tena na watu wachache. Jibu la padri halikuwa la upole kwa dini yetu, na wala hawakukubaliana. Lakini mzee wetu yule, ambaye jina lake halikuandikwa, alianza kwa kumwuliza mgeni habari za ibada yake, na hakuficha upungufu wa nyumba yake mwenyewe. Mwili wa mgeni yule leo umelazwa katika kasha la fedha na unatazamwa na maelfu. Kaburi la mzee wetu halijulikani lilipo, na kwa mujibu wa itikadi yetu hilo halimpunguzii kitu. Swali lake ndilo lililobaki, nalo linatuhusu sisi zaidi kuliko Goa: je, misikiti yetu ina waja wangapi katika swala ya Alfajiri?

Wiki ijayo, Inshaallah, tutaeleza adabu za kuzuru makaburi pamoja na watoto, na dua zinazosomwa hapo.

Wabillahi tawfiq.